Shajara ya mradi: kichujio cha maikrofoni ya kidijitali, kutoka kuchagua mada hadi faili la GDS

Shajara hii inafuata mradi wa usanifu wa chipu wa kundi la wanafunzi wa uzamili wa uhandisi, tangu mada ilipokuwa bado inabishaniwa hadi faili la GDS, yaani mchoro kamili wa chipu unaopelekwa kiwandani. Tunaiandika ili anayetaka kuuiga afike mapema kuliko sisi. Hatua za kawaida tumezipitia kwa sentensi moja moja; pale kazi ilipokwama ndipo tumekaa.

Programu zote ni huria: Verilator na Icarus Verilog kwa uigaji, Yosys kwa usanisi (kugeuza Verilog, lugha ya kuelezea saketi, kuwa malango ya mantiki), OpenLane kwa kupanga seli na kuziunganisha, Magic, KLayout na Netgen kwa ukaguzi. Mchakato wa kutengeneza chipu ni SKY130 wa nanomita 130, ambao Google na SkyWater waliufungua kwa umma mwaka 2020. Fedha zilitumika kwa ubao mmoja wa FPGA (chipu inayopangika upya, ya kujaribia saketi) na maikrofoni tu. Gharama halisi ilikuwa muda na eneo la silikoni, na hizo ndizo zinazohesabiwa humu.

15 Januari 2024: Kuchagua mada

Mezani kulikuwa na mapendekezo manne: kichakato cha RISC-V (seti huria ya amri), kiongeza kasi cha mtandao wa neva, saketi ya usimbaji wa AES, na kichujio cha maikrofoni za PDM. Lililovuma zaidi ni la mtandao wa neva. Tuliyapima yote kwa maswali matatu. Je, tutajuaje kwamba jibu la chipu ni sahihi? Je, inahitaji kumbukumbu kiasi gani? Na muda ukiisha katikati, je, kilichokamilika kinasimama chenyewe?

Mtandao wa neva uliangushwa na swali la pili. Vizidishi vyake ni rahisi kuandika, lakini vinataka kulishwa data bila kusita, na data hiyo lazima ikae mahali. Bila kumbukumbu ya kutosha ndani ya chipu, vizidishi hukaa vikingoja. RISC-V nayo ilitushtua tulipoihesabu: RV32I, toleo lake la msingi, ina rejista 32 za biti 32, na ukiiondoa ile ya sifuri zinabaki biti 992. Flipu-flopu (seli inayohifadhi biti moja) ndogo ya SKY130 katika maktaba ya seli iitwayo hd inachukua takriban mikromita za mraba 20, kwa hiyo rejista peke yake ni karibu 19,840, kabla ya kuandika amri hata moja. Kwa kulinganisha, kigae kimoja cha mpango wa Tiny Tapeout, unaogawa chipu moja kwa miradi mingi, kina takriban mikromita 160 kwa 100, yaani 16,000 za mraba.

AES ilifaulu maswali yote. Kiwango chake, FIPS 197 cha mwaka 2001, kina mifano iliyokokotolewa hatua kwa hatua, na mwanafunzi anayependa usalama wa data aichukue bila wasiwasi. Sisi tuliiacha kwa sababu hakuna kati yetu aliyekuwa na swali la utafiti juu yake.

Kichujio kilishinda. Maikrofoni ya PDM hutoa mkondo wa biti moja kwa kasi ya 3.072 MHz, kazi ya chipu ni kuugeuza kuwa sampuli za kawaida kwa 48 kHz. Jibu sahihi linaweza kukokotolewa kwa nambari kamili kwenye Python na kulinganishwa biti kwa biti. Na kazi ina viungo vya kukatia: hatua ya kwanza ikiisha, tayari kuna kitu kinachotoa sauti.

Ushauri wetu kwa anayechagua ni huu: andika kwanza jinsi utakavyohakiki, kwa ukurasa mmoja. Ukurasa ukikataa kuandikika, mada hiyo iache hata kama msimamizi ameipenda.

5 Februari 2024: Modeli kabla ya Verilog

Mpango wa awali ulikuwa kichujio kimoja cha CIC cha ngazi nne, kinachopunguza kasi mara 64 kwa mkupuo. Muundo huu ulichapishwa na Eugene Hogenauer mwaka 1981 na uzuri wake ni kwamba hauna kizidishi: vilimbikizi vinne (vinavyojumlisha) upande wa kasi kubwa, vitoaji vinne (vinavyotoa thamani ya zamani kwenye mpya) upande wa kasi ndogo, basi.

Modeli ya Python ilituonyesha ubaya wake mapema. CIC huinamisha sauti za juu. Kwa kupunguza mara 64, sauti ya 20 kHz inashuka takriban desibeli 10.6, na hapo msikilizaji anasikia kama maikrofoni imefunikwa blanketi. Kwa mara 32 inashuka desibeli 2.5. Kwa mara 16, desibeli 0.6 tu, na kelele ya 172 kHz ambayo ingerudi na kuangukia 20 kHz inapunguzwa kwa takriban desibeli 75.

Tukabadilisha: CIC ipunguze mara 16 hadi 192 kHz, kisha vichujio viwili vya nusu-bendi (vinavyopitisha nusu ya chini ya masafa), kila kimoja kikipunguza mara mbili, hadi 48 kHz. Kichujio cha nusu-bendi chenye vigawo 23 (namba ambazo sampuli huzidishwa nazo) kina vigawo kumi ambavyo ni sifuri, cha katikati ni nusu kamili (kuhamisha biti tu), na vilivyobaki 12 vinalingana kulia na kushoto. Kwa hiyo ni mazidisho sita kwa kila jibu.

Kisha hesabu iliyoamua muundo mzima. Kila sampuli moja ya mwisho ina mipigo 64 ya saa. Kichujio cha kwanza kinatoa majibu mawili katika muda huo, yaani mazidisho 12. Cha pili kinatoa moja, mazidisho sita. Jumla 18 kati ya mipigo 64. Kizidishi kimoja kinatosha kwa vyote viwili. Rasimu ya mwanzo ilikuwa na kizidishi kwa kila kigawo. Ilifutwa siku hiyohiyo.

26 Februari 2024: Biti moja iliyokosekana

CIC iliandikwa haraka na kupita jaribio la wimbi la 1 kHz bila tatizo. Kisha tukaipa mkondo wa moja tupu, biti 1 bila kukoma, na jibu likatoka hasi.

Hesabu yenyewe ni fupi, na inafaa kila mtu aipitie kwa kalamu. Biti 1 inasomwa kama +1 na biti 0 kama −1. Ngazi nne zenye kupunguza mara 16 hukuza thamani kwa 16 kwa kipeo cha nne, yaani 65,536. Kwa hiyo jibu la juu kabisa ni +65,536 na la chini kabisa ni −65,536. Rejista ya biti 17 yenye alama (ya chanya au hasi) inabeba kuanzia −65,536 hadi +65,535. Upande wa chini unaenea barabara. Upande wa juu unakosa nafasi ya moja tu, na +65,536 inageuka kuwa −65,536.

Chanzo ni kanuni ya upana, ambayo inasema jumlisha ukuaji wa biti (hapa 16) na upana wa ingizo. Ingizo lilihesabiwa kuwa biti moja kwa sababu waya ni mmoja. Lakini +1 na −1 katika hesabu zenye alama zinahitaji biti mbili. Upana sahihi ni 18.

Vilimbikizi vyenyewe vinaruhusiwa kufurika. Hilo halina dosari: vitoaji vinalirekebisha, mradi upana unatosha kubeba jibu la mwisho. Ndiyo maana kosa hili hujificha vizuri. Mkondo wa sifuri tupu ulipita. Wimbi la nusu ya nguvu lilipita. Mkondo wa 0101 ulitoa sifuri kama ilivyotakiwa. Ni mkondo wa moja tupu peke yake uliolifichua, kwa hiyo sasa ni jaribio la kwanza katika orodha yetu na linaendeshwa kila tunapohifadhi mabadiliko.

Gharama: biti nane za ziada katika CIC nzima.

18 Machi 2024: Alama inayopotea, na kigezo cha kukata

Kichujio cha nusu-bendi kilikubaliana na modeli kwa sampuli chanya na kuachana nayo kwa hasi. Karibu wiki nzima ilikwenda tukichunguza vigawo, ambavyo havikuwa na tatizo.

Tatizo lilikuwa katika mstari huu:

`assign zao = sampuli[17:0] * kigawo;`

Vyote viwili vilitangazwa `signed`. Lakini katika Verilog, kipande cha biti kilichokatwa kwa mabano ya mraba huwa hakina alama, hata kama kipande hicho ni rejista nzima. Na neno moja lisilo na alama likiingia katika hesabu, hesabu yote hupoteza alama. Sampuli ya −1 ikawa 262,143. Kuondoa `[17:0]` kulitosha. Kanuni ya kundi tangu siku hiyo: ndani ya hesabu hakuna kukata biti wala kuunganisha kwa mabano ya `{}`, kukata kufanyike katika mstari wake wa pekee, kwenye waya wenye jina na alama.

Modeli ya nambari kamili ndiyo iliyotuokoa hapa. Tungelinganisha kwa macho, kwa kutazama mawimbi kwenye skrini, sampuli hasi zingeonekana kama kelele tu.

Jingine la siku hizi: kukata biti za chini bila kuongeza nusu kwanza husukuma kila jibu upande wa chini, kwa wastani wa nusu ya biti ya mwisho. Katika sauti unaonekana kama mhamo wa kudumu usio sifuri. Tunajumlisha nusu kabla ya kukata, katika modeli na katika Verilog, kwa mpangilio uleule. Ukitofautiana hata hatua moja, biti za mwisho hazilingani tena.

8 Aprili 2024: FPGA ilikubali, uigaji ulikataa

Ubao ulitoa sauti safi mapema, baada ya marekebisho mawili madogo. Maikrofoni ya PDM hushika waya wa data kwa nusu moja ya mpigo wa saa na kuuachia nusu nyingine, ili maikrofoni mbili zitumie waya mmoja. Tulikuwa tukisoma kwenye nusu isiyo yetu. Na katika I2S, kiwango cha kupitisha sauti ya kidijitali kati ya chipu kilichotolewa na Philips mwaka 1986, biti ya juu hutoka mpigo mmoja baada ya mstari wa kuchagua chaneli kubadilika. Ukiisahau nafasi hiyo moja, kila sampuli husomwa imehama biti moja na sauti huharibika kabisa.

Sauti ikatoka. Kisha tukapeleka saketi kwenye usanisi wa SKY130, tukaiga matokeo ya Yosys lango kwa lango, na kila tokeo likawa X (alama ya kiigaji kwa thamani isiyojulikana), tangu mwanzo hadi mwisho.

Rejista za FPGA huanza na thamani inayopakiwa pamoja na usanidi, kwa kawaida sifuri. Flipu-flopu ya silikoni huamka na chochote, na mistari ya `initial` haina mahali pa kukaa kwenye chipu. Kilimbikizi hujumlisha thamani yake ya jana na ingizo la leo. Jana ikiwa X, leo ni X, na kesho pia.

Msimamizi aliuliza swali zuri: je, silikoni halisi nayo ingekwama? Isingekwama. Vilimbikizi vinne vinavyoanza na thamani ovyo huongeza kwenye tokeo polinomia ya daraja la tatu, na vitoaji vinne huifuta polinomia hiyo baada ya sampuli nne. Chipu ingejiponya, ila kiigaji hakijui aljebra hiyo, na saketi isiyoigika hatukubali kuipeleka mbele.

Swali la gharama likafuata. Flipu-flopu yenye riseti (waya wa kuirudisha sifuri) inachukua takriban mikromita za mraba 25 badala ya 20. CIC ina biti 144, nazo zilipewa riseti. Mistari ya kumbukumbu (ya kushika sampuli zilizopita) ya vichujio vya nusu-bendi ina maneno 18 kwa kila kimoja, biti 324, jumla 648, na hii haina mrejesho: X ikiingia hutoka upande wa pili sampuli mpya zinapokuja. Tuliiacha bila riseti na kuokoa mikromita za mraba 3,240. Majaribio yanasubiri kumbukumbu ijae ndipo yaanze kulinganisha.

Anayenakili mradi huu asiondoe riseti kwenye vihesabu na vielekezi. Vikiamka ovyo, havijiponyi.

6 Mei 2024: Eneo

Flipu-flopu za vichujio peke yake ni 144 mara 25 na 648 mara 20, yaani 16,560. Tayari zinapita kigae kimoja, na hesabu hiyo ingeweza kufanywa Januari.

Kilichotushangaza ni multipleksa. Kizidishi kimoja kinachohudumia wote lazima kichaguliwe sampuli yake kutoka maneno mengi, na vichaguzi hivyo, kwa upana wa biti 18, vilikula eneo zaidi ya kizidishi chenyewe. Tuliangalia kama ingefaa kurudi kwenye vizidishi vingi. Hapana, bado ni ghali zaidi.

Tulijaribu kubana seli kwa msongamano wa asilimia 80. Upangaji ulikubali, uunganishaji wa nyaya ukashindwa: eneo la multipleksa lilijaa hadi nyaya zikakosa njia. Kwa asilimia 60 zilipita. Mradi sasa umewekwa katika vigae vinne.

27 Mei 2024: Holdi

Saa yetu ni ya polepole, nanosekunde 325 kwa mpigo, na kwa mchakato wa nanomita 130 hilo ni pana mno. Ripoti ya setapu (je, data inawahi kufika kabla ya mpigo unaofuata?) ilikuwa safi katika kona zote za joto na volti, hata ile ngumu ya nyuzi 100 na volti 1.60. Wengi wetu tulidhani masuala ya muda yamekwisha.

Ripoti ya holdi kwenye kona ya kasi, nyuzi −40 na volti 1.95, ilijaa. Holdi haijali mpigo una urefu gani. Inauliza kitu kimoja: je, data mpya inafika kwenye flipu-flopu kabla ya flipu-flopu kumaliza kushika ile ya zamani? Mistari yetu ya kumbukumbu ilikuwa safu ya flipu-flopu zilizofuatana bila lango katikati, na saa yake ilikuwa inafungwa na kufunguliwa kwa matawi ili kuokoa umeme. Data ikisafiri mara moja na saa ya tawi la pili ikichelewa kidogo, neno linaruka hatua.

Hapa ndipo mwanafunzi anapaswa kuogopa. Setapu ikishindwa kwenye chipu iliyokwisha kutengenezwa, unapunguza kasi ya saa na kazi inaendelea. Holdi ikishindwa, hakuna saa itakayoiokoa.

OpenLane ilitaka kuingiza seli za kuchelewesha. Ya aina tuliyopewa ni takriban mikromita za mraba 10. Moja kwa kila biti ya kumbukumbu ni 6,480 nzima, kwa ajili ya kusubirisha tu. Tulikataa na kubadilisha muundo. Badala ya sampuli kuhamishwa kutoka neno hadi neno, zinakaa tuli kwenye kumbukumbu ya mzunguko, na kinachosogea ni kielekezi. Multipleksa za kuchagua zilikuwepo tayari. Kila neno lina lango lake la saa, kwa hiyo kila sampuli inapoingia ni neno moja tu linalopigwa saa, badala ya safu nzima. Na kwa kuwa basi (kundi la nyaya) la ingizo sasa linalisha maneno mengi, linapita kwenye bafa zinazoichelewesha data vya kutosha. Makosa ya holdi yaliyobaki yalikuwa machache na OpenLane iliyamaliza yenyewe.

Modeli ya Python haikuguswa hata mstari mmoja, na biti zote zililingana.

14 Juni 2024: Ukaguzi wa mwisho

DRC, ukaguzi wa kanuni za mchoro, ilikuwa safi. Antena ilisumbua kidogo: waya mrefu wa metali unaoishia kwenye geti la transista hukusanya chaji wakati wa kuchonga kwa plazma na unaweza kutoboa oksaidi. Diodi ziliwekwa kwenye nyaya ndefu na ripoti ikasafika. LVS, ulinganisho wa mchoro na saketi, ilikataa mwanzoni kwa sababu pini za matokeo tusizozitumia ziliachwa wazi. Zilifungwa kwenye sifuri.

1 Julai 2024: Hali ilivyo

Uigaji wa lango kwa lango wa muundo wa mwisho unalingana na modeli kwa majaribio yote: moja tupu, sifuri tupu, 0101, mkondo wa nasibu, na mawimbi yaliyopitishwa kwenye kigeuzi cha sigma-delta cha ngazi mbili (kinachotengeneza mkondo wa biti moja). Faili la GDS limefungwa pamoja na modeli, majaribio, usanidi wa OpenLane na ripoti za kona tatu. Anayeanza aendeshe modeli kwanza, kisha majaribio ya CIC, ndipo afungue kitu kingine.

Kinachofuata ni chaneli ya pili. Maikrofoni yake itatumia waya uleule kwa nusu ya pili ya mpigo. CIC na kumbukumbu lazima ziongezwe mara mbili, na hapo eneo litahesabiwa upya kabla ya kuandika chochote. Kizidishi kinabaki kimoja: mazidisho 36 kati ya mipigo 64.